Uji wa Adey

Sangailu, Ijara
6 Juni 2022

Kwa dada yangu Arbia, mwalimu wa Kutulo,

Assalamu alaykum. Sisi tu wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kujiita mzima mwaka huu. Hooyo, mama yetu, anakusalimu sana. Amekaa hapa ubavuni kwangu anaichunga kalamu, asije mwanawe akaruka neno. Mke wangu Habibo anakusalimu. Mwanetu Idman ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Mdogo wake Hamse ameanza kutembea, na kila akitembea anakwenda kwenye majivu. Na wewe huko Mandera u hali gani? Hooyo anauliza kama maji mnapata na kama kile kikohozi kimekuacha.

Unga uliotuma kwa binamu yetu Duale pale Galbet umefika, magunia mawili, moja limetoboka. Abdilatif wa lori anaapa ni panya. Panya wa Abdilatif wana mikono, lakini tumeshukuru.

Mnara wa simu bado umelala. Mafundi wanaogopa barabara, kwa hiyo usipoteze muda kupiga. Andika tu. Kisomali mimi na wewe tunakisema, lakini shule ilitufundisha kuandika Kiswahili, basi nitasoma na kumfasiria Hooyo kama siku zote. Hataki nifupishe. Nikifupisha ananiuliza mbona karatasi ni ndefu na maneno ni machache.

Sasa habari zenyewe. Mvua ya nne mfululizo imetukataa. Tuliingia mwaka huu na ng'ombe sitini na mmoja, wamebaki kumi na wanne. Niliwapeleka mpaka ukingo wa msitu wa Boni kufuata nyasi, huko mbung'o wakawamaliza wengine. Nyumbani jani hakuna. Wanaoshiba mwaka huu ni tai na fisi. Juzi nilimrushia tai jiwe, akasogea hatua mbili tu na kuendelea kula. Ndege wale wanaodonoa kupe mgongoni mwa ng'ombe wamehama, maana hata kupe hawana tena damu ya kunyonya.

Uliuliza habari za Adey. Adey yu hai, na ana mimba. Katika ng'ombe wako amebaki yeye peke yake. Hooyo alifurahi niliposoma swali lako, akasema mtoto hajausahau mfugo wake. Basi niseme nini zaidi. Tuombee.

Ndugu yako,
Gelle


Kutulo
3 Julai 2022

Gelle, mwana wa Hooyo,

Wa alaykum salaam. Barua yako imenifikia baada ya siku ishirini na moja, ina alama ya kikombe cha chai na harufu ya dizeli. Kikohozi kimekwisha, mwambie Hooyo. Maji tunaletewa na lori mara moja kwa wiki. Mwambie pia ninakula vizuri na nimenenepa, hata kama si kweli. Mbusu Idman pale palipokuwa na meno.

Adey je? Anakula nini? Anasimama mwenyewe? Usinijibu kwa neno moja.

Mwalimu mwenzangu anayetoka Kitui ananicheka kwamba mtu mzima wa Biolojia anamwulizia ng'ombe kwa jina. Nikamweleza kwamba siku niliyozaliwa baba alinipa mtamba mweupe, kitovu changu kikafungwa mkiani mwake, na kila alichozaa mtamba yule na vizazi vyake ni changu mpaka leo. Hakuna wa kukigusa bila neno langu, hata baba mwenyewe angekuwa hai. Akasema kumbe ni urithi. Nikamwambia si urithi, urithi husubiri mtu afe.

Sasa nisikilize, maana nina neno la darasani na nataka umfasirie Hooyo lote. Wiki hii na kidato cha pili tulisoma jinsi nguvu ya jua inavyopita katika viumbe. Jua linaingia kwenye jani, jani linaliwa na ng'ombe, ng'ombe analiwa na mtu au fisi. Hizo ni ngazi, na katika kila ngazi nguvu inapotea. Anachokula ng'ombe, sehemu tisa katika kumi anazimaliza kwa kupumua, kutembea na kupata joto la mwili. Zimekwenda, hazirudi. Sehemu moja tu ndiyo inakuwa nyama au maziwa. Wasichana wawili walilalia madawati nikifundisha hayo. Niliwaacha, najua hawakunywa chai asubuhi.

Hapa Kutulo nawaona watu wanawapikia ng'ombe unga wa msaada. Linaingia debe, kinatoka kikombe, tena kama kinatoka. Ukila unga huo wewe mwenyewe, ngazi moja imepungua na watu wanaishi. Hesabu ni hiyo, haina siasa. Nakuomba unga wangu usiingie kinywani mwa ng'ombe. Mwambie Hooyo ni mimi nimesema, na kitabu kimesema.

Nipe habari za Adey. 

Arbia


Sangailu
29 Julai 2022

Kwa mwalimu,

Tunakusalimu kwa heshima zote za ubao na chaki. Hooyo anasema amefurahi kusikia umenenepa, lakini mtu aliyenenepa haandiki barua yenye hasira hivyo. Idman amebusiwa. Hamse alipata homa siku tatu, sasa yu mzima. Mowlid jirani yetu anakusalimu, amebaki bila ng'ombe hata mmoja na bado anatania watu.

Habari ya ngazi nilimsomea Hooyo yote. Alinitaka nirudie, nikarudia. Aliuliza ile sehemu moja ya kumi inakwenda kwa nani, nikamwambia kwa anayekunywa maziwa. Akatikisa kichwa.

Mimi hilo nalijua bila kitabu. Ng'ombe wangu anatembea kilomita ishirini kwenda kisimani na ishirini kurudi, akifika nyumbani amekwisha kula miguu yake mwenyewe. Lakini kitabu chako hakikumwandika mtu ambaye siku mvua itakaponyesha hatakuwa na mkia hata mmoja wa kushika. Arbia, mtu akibakiwa na jike mmoja, huyo ni mfugaji aliyepata hasara. Asipobakiwa na hata mmoja, huyo ni mtu wa foleni ya msaada. Nimeiona hiyo foleni. Sitaki Hamse akulie ndani yake.

Wamebaki watano. Nyumba tumewalisha. Ile mikeka ya nyasi ya paa na kuta, Habibo aliifungua mwenyewe mmoja mmoja, tukailowesha maji ya chumvi, wakaila kwa siku nane. Sasa tunakaa chini ya turubai, na mchana ndani hapakaliki.

Kazi ya asubuhi siku hizi ni kuinua. Ng'ombe akilala hainuki tena kwa nguvu zake. Tunapitisha miti miwili chini ya tumbo, wanaume wanne, na wa tano anavuta mkia. Mowlid huja kutuinulia wetu, anasema mikono imezoea. Hooyo hushika kichwa cha Adey na kumsemesha taratibu mpaka asimame, na akishasimama humwegemea dakika chache, sijui nani anamshika nani.

Umetaka nisijibu kwa neno moja. Haya. Anakula maboksi ya duka, anakula maganda ya migunga ninayoyaangusha kwa fimbo ndefu, na anapata uji kidogo. Mwepesi. Usinipigie kelele. Ana mimba ya miezi mitano na zaidi. Ningekuficha, lakini Hooyo yuko hapa na amesema andika.

Hooyo ni mzima. Miguu tu kidogo.

Gelle


Kutulo
24 Agosti 2022

Ndugu yangu Gelle,

Salamu kwenu nyote, na pole kwa homa ya Hamse. Hooyo anywe maji kabla ya kuswali adhuhuri na akae kivulini, miguu ni joto hilo. Habibo mwambie nimesikia alivyofungua nyumba yake kwa mikono yake, na sina la kumwambia ila Mungu amlipe.

Shule zilipofungwa kwa ajili ya uchaguzi nilisafiri. Nilifika mpaka Galbet, nikakaa kwa Duale siku nane, lakini barabara ya Ijara ilikuwa imefungwa, nikarudi. Mniwie radhi. Hooyo hasa aniwie radhi. Nimemwachia Abdilatif magunia matatu na maziwa ya unga ya Hamse. Nimeshona midomo ya magunia kwa uzi mwekundu, panya wake wakifungua nitajua.

Barua yako niliisoma kwa Duale, kwenye baraza, feni ikizunguka. Nilipofika kwenye uji wa Adey nilitaka kukasirika, nikakosa hasira. Gelle, niliyoandika kuhusu unga niliyaandika kuhusu ng'ombe. Sikuyaandika kuhusu Adey. Najua hilo si jibu la mwalimu. Wasichana wangu wakiniandikia hivyo kwenye mtihani nawapa sifuri.

Nilikaa nikawahesabu wa kitovu changu tangu yule mtamba wa kwanza, nikafika thelathini na wanane kwa majina. Wamekwisha wote. Akiondoka na huyu, mimi huko Sangailu nitakuwa mgeni tu anayetuma unga. Sina nyumba huko, sina mume wa huko, nina Adey. Kama anaweza kuvuka mpaka mvua ya Oktoba, mpeni nafasi. Uji kidogo hautamuua mtu.

Niandikieni amekula nini.

Arbia


Sangailu
20 Septemba 2022

Dada,

Salamu. Sina nguvu ya kutania leo, utanisamehe. Habibo mzima, watoto wazima. Uzi wako mwekundu ulifika haujaguswa, Abdilatif amekasirika mpaka leo.

Wale wanne wengine wamekufa, wote katika wiki moja. Tuliinua mpaka miti ikavunjika. Mowlid amehama na watu wake, amekwenda Masalani kutafuta kibarua, kwa hiyo asubuhi tunamwinua Adey mimi, Habibo na wapita njia. Amebaki yeye tu katika boma lililokuwa na kelele za sitini.

Nikuambie kitu, kwa kuwa ndiyo kazi yako. Sikujua ni wangapi walikuwa wanakula kwetu. Wale wadudu weusi wanaoviringisha mavi hawapo, kwa sababu mavi hayapo. Yangeyange hawapo. Mchwa wamekosa cha kula chini wamepanda kwenye nguzo za kibanda. Hata tai wameanza kuondoka, walikula vya mwaka mzima katika miezi mitatu. Fisi mmoja alikuja mchana kweupe akalala pale nje, mifupa mitupu, akatutazama. Sikumfukuza. Kumbe sote tulikuwa tumesimama juu ya nyasi, na mimi nilidhani nimesimama juu ya ng'ombe.

Barua yako Hooyo aliisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika pale uliposema mpeni nafasi, aliinuka akatoka nje akaenda kwa Adey, akakaa naye mpaka alasiri. Kisha akaniomba ile karatasi. Ameikunja, ameiweka chini ya mto wake. Hajui kusoma, lakini ukurasa anaujua.

Amekonda, lakini sote tumekonda. Siku hizi anafunga. Zamani ilikuwa Jumatatu na Alhamisi, sasa ni karibu kila siku, anasema analipa siku zake za Ramadhani. Kikombe chake cha uji Habibo humtilia, naye hukichukua nje, anasema atafuturia hewani penye upepo. Nami nimemwachia, mtu na ibada yake.

Adey anakula vizuri. Tumbo limeshuka.

Gelle


Kutulo
8 Oktoba 2022

Gelle,

Salamu kwa wote. Sitazunguka.

Hooyo ana zaidi ya miaka sabini. Mwanamke hulipa siku zilizomkatika kwa damu au uzazi. Yeye damu ilimwacha mimi nikiwa shule ya msingi. Analipa siku gani? Nimeisoma barua yako mara tano na kila nikifika hapo narudi juu kuanza upya. Wewe unajua dini kuliko mimi, Gelle. Hukujiuliza?

Kikombe hicho kinakwenda wapi? Nenda nyuma yake uone. Usiniandikie tena amekonda kama sote tulivyokonda. Niandikie mkono wake ukoje, niandikie anasimama vipi kwenye swala.

Na sasa sikiliza, huu ni ukurasa wa kumsomea yeye, neno kwa neno, usifupishe. Hooyo, mimi Arbia binti yako nimesema Adey achinjwe leo. Ni mfugo wangu na neno ni langu. Nyama iliyobaki mgongoni kwake mle, mchuzi unywe wewe kwanza. Niliyoandika mwezi wa nane nimeyafuta. Nilikuwa mjinga. Sitaki ng'ombe, nataka mama yangu. Nimemwita mwalimu wa dini wa shule kuwa shahidi wa maneno haya, na ametia sahihi yake hapa chini.

Nimempigia pia Duale, anatuma maneno kwa gari lolote litakalotangulia. Mimi nimeomba ruhusa, wanasema mitihani ya taifa iko karibu na hakuna wa kushika darasa langu. Nitaomba tena Jumatatu.

Fanya leo. Usingoje kunijibu.

Arbia


Sangailu
27 Novemba 2022

Arbia, abaayo, dada yangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Duale amekwisha kukuambia kwa simu, najua, kwa hiyo sikuletei habari mpya. Hooyo alitutoka Jumatano, tarehe mbili Novemba, tukamzika kabla ya alasiri, upande wa mashariki, karibu na baba. Watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani wamebaki. Habibo alimwosha. Anasema alikuwa mwepesi.

Barua yako ya Oktoba nimeipata tarehe kumi na nne ya mwezi huu. Lori la Abdilatif lilivunjika ekseli, likakaa Masalani wiki tatu likingoja kifaa. Wasia wako ulikuwa ndani ya boneti. Yeye amelia alipojua.

Maneno ya Duale yalitangulia, ni kweli. Dereva wa gari dogo alisimama barabarani akasema, Arbia amesema mmchinje Adey, akaenda zake. Nilimwambia Hooyo. Alitoa ile barua yako chini ya mto akanionyesha. Akasema mwanawe ameandika kwa mkono wake mpeni nafasi, na maneno ya dereva hayawezi kufuta mkono wa mtu. Nami nilikubali upesi, Arbia. Upesi sana. Nataka ujue hilo.

Uliniambia nimfuate nione kikombe kinakwenda wapi. Sikuhitaji kumfuata. Nilimwona tangu mwezi wa nane. Alikuwa amepiga magoti, amemshikia Adey kikombe kwa mikono miwili, kama anavyomnywesha Hamse. Niligeuza uso nikaenda kukata miiba. Nilijiambia ni siku moja. Kisha nikajiambia sikuona. Nilitaka ng'ombe aishi, kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya jina langu, na sikutaka kuchagua. Yeye akachagua, mimi nikanyamaza nikala uji wangu.

Wiki ya mwisho ya Oktoba nilishindwa kunyamaza. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Hooyo, huyu ni ng'ombe tu."

Hakukasirika. Alisema, "Mwalimu wetu amesema kila ngazi inapoteza, na ngazi ikipungua watu wanaishi. Nimewaza sana. Ngazi ya kupunguza ni mimi. Mimi nikila, kinaishia hapa. Adey akila, kesho kinafika kwa Hamse."

Wewe ndiye uliyesoma. Ungemjibu nini?

Tulimlazimisha. Habibo alimpa kwa kijiko, akawa anaukusanya uji shavuni na kuutema tukigeuka. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa punda mpaka zahanati. Mwuguzi alitafuta mshipa kwenye mikono yote miwili kwa muda mrefu, akaupata, maji yakaingia nusu chupa. Aliuliza mgonjwa ameacha kula tangu lini. Nilisema sijui. Siku ya pili Hooyo alinitaka niape kwamba sitamchinja Adey, nikaapa, maana alikuwa ananitazama.

Siku kumi baada ya kumzika ilinyesha. Siku mbili tu, lakini ilinyesha, na kuna kijani kifupi hata mtu akiinama hakioni, ng'ombe anakiona. Adey hatumwinui tena. Amezaa tarehe kumi na tisa, ndama dume, mdogo, masikio makubwa kuliko kichwa. Ndama akishanyonya inabaki kikombe asubuhi na nusu kikombe jioni. Hamse anakunywa, na mashavu yameanza kurudi. Idman amekataa. Anasema ni uji wa ayeeyo yake, wa bibi. Sijui nani alimwambia, sisi hatukusema.

Nisaidie. Hooyo ameniapisha nisimchinje. Wewe umeandika nimchinje na umeweka shahidi. Kila asubuhi nachuchumaa na kopo, Adey anageuka kunitazama. Sijui naogopa nini. Mfugo ni wako. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Gelle


Kutulo
21 Desemba 2022

Gelle, ndugu yangu,

Mungu amrehemu Hooyo, na awape subira wewe na Habibo mliokuwa naye. Hapa wenzangu walinisomea khitma, na wasichana wa kidato cha pili walikuja chumbani kwangu wakakaa sakafuni. Nashukuru Hamse ana mashavu. Idman msimlazimishe.

Kwanza nikuambie langu, kwa kuwa umeniambia lako. Barabara ya Ijara haikuwa imefungwa mwezi ule wa nane. Lori la Abdilatif lilisimama mbele ya geti la Duale saa mbili asubuhi, injini inaunguruma, kiti cha mbele amenipangusia. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza na mkoba mapajani. Nikamwambia atangulie. Nilijua nikifika nitaona, na nikishaona itanibidi nitamke kwa kinywa changu kwamba Adey achinjwe, na sikutaka. Ndiyo maana nikaandika. Kwenye karatasi ng'ombe wangu alikuwa mzima.

Hata Abdilatif hakunisema kwenu. Mshukuru, au mlaumu, sijui.

Umeniuliza ningemjibu nini Hooyo. Nimelikalia swali lako siku nyingi, nimelichorea ngazi kama darasani, nikitafuta alipokosea. Alipokosea nimepaona, tena ni padogo, mtoto yeyote wa kidato cha pili angepaona. Uji wa Adey ungeweza kwenda kwa Hamse moja kwa moja, Hooyo akanywa wake, na wote wakabaki. Ngazi ya kupunguza ilikuwa Adey. Nilikuwa nimeandika hivyohivyo, nawe ulimsomea mara mbili. Hooyo hakuwa mtu wa kutoelewa. Alielewa vizuri. Alipunguza ngazi nyingine kwa sababu ile ya Adey niliiombea mimi.

Na kila barua nilimwulizia Adey. Amekula nini, anasimama, nipe habari zake. Wewe unajua adabu yetu, mtu huanza na mifugo, na ukisikia mifugo imekula unajua watu wamekula, huna haja ya kuwaaibisha kwa kuuliza. Nilikuwa namwulizia Hooyo. Wallahi nilikuwa namwulizia yeye, Gelle, niliogopa tu jibu. Naye akawa anasikiliza kila mwezi binti yake akililia ng'ombe.

Usimchinje. Kiapo chako kibaki. Adey na ndama wake si wangu tena kuanzia leo, ni wa Idman na Hamse, nimewapa kwa radhi yangu, na mwalimu wa dini ametia sahihi tena. Wewe kamua. Uwe unaogopa au huogopi, watoto wanywe hivyohivyo, na Idman siku akitaka.

Shule zikifungwa Aprili nitakuja. Safari hii nitapanda. Mwambie Habibo, kwa sababu nitaona haya kumwambia nikiwa mlangoni kwake, kwamba wageni wengine awatilie maziwa, mimi asinitilie.

Arbia